Habari za Mstari Uliotiwa Rangi

Jicho la mwanadamu halikuumbwa kufuata mstari mrefu wa tarakimu. Likiisha kulisoma jina la mdeni pembeni mwa ukurasa, kisha likatakiwa kusafiri hadi upande wa pili kulitafuta baki la deni lake, aghalabu hupotea njia, likaangukia mstari wa juu au wa chini, na mtu asiye na hatia akabebeshwa mzigo wa jirani yake. Taabu hii ni kongwe kuliko kompyuta, na dawa yake vilevile ni kongwe: kuutia alama mstari unaotakiwa ili ubainike miongoni mwa wenziwe. Nia yangu ni kusimulia habari za alama hiyo, tangu ilipokuwa wino katika mkono wa mwandishi hadi ilipokuja kuwa amri chache zilizofichwa ndani ya lahajedwali, ambazo watu wa kompyuta huziita makro. Kwa maana makro ya kuupaka mstari rangi, ingawa wengi huidhania kuwa ni kijipambo cha ofisini, imerithi ugomvi wa zamani baina ya kile ambacho jicho linakiona na kile ambacho daftari linakijua.

Waandishi wa Misri ya kale walichukua katika kibao chao wino wa namna mbili, mweusi na mwekundu, na ule mwekundu hawakuutumia ovyo. Katika gombo la hesabu liitwalo Rhind, lililonakiliwa na mwandishi Ahmose yapata mwaka 1550 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na ambalo sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, wino mwekundu hufungulia masuala mapya, msomaji akajua hesabu moja imekoma wapi na nyingine imeanzia wapi. Waislamu wa karne za mwanzo nao, walipoona haja ya kuonyesha irabu katika misahafu bila ya kuyagusa maandishi matukufu yenyewe, waliziweka kwa nukta nyekundu, herufi zikabaki na weusi wake. Na huku kwetu pwani, mafundi wa Siyu katika kisiwa cha Pate walinakili misahafu katika karne ya 18 na ya 19 kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, kazi ambazo hata leo hazitazamwi bila ya kustaajabiwa. Siyu naitaja kwa sababu kanuni iliyowaongoza mafundi wale ndiyo itakayotuongoza hadi mwisho wa habari hizi: rangi husema jambo juu ya maandishi pasipo yenyewe kuwa maandishi.

Ama katika daftari za biashara, kanuni hiyo ilipata kazi nzito zaidi. Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko aliyechapisha mjini Venice mwaka 1494 kitabu chake kikubwa cha hesabu, alieleza humo desturi za wafanyabiashara wa mji ule: kwamba kila jambo huandikwa kwanza katika daftari la kumbukumbu, likahamishiwa jarida, kisha likahamishiwa daftari kuu, na kila ingizo likiisha kuhamishwa hupigwa mstari wa wino juu yake, karani asije akaliandika mara mbili. Alama ile ilikuwa ni ushahidi. Aliyeipiga alikuwa ameusoma mstari, ameuhamisha, na kwa mkono wake mwenyewe amekiri kuwa kazi imekwisha. Naomba msomaji aikumbuke hali hiyo, maana tutakapofika kwenye makro tutamkosa shahidi huyo, na kukosekana kwake kutatugharimu.

Mashine zilipoingia ofisini, mkono ule ulianza kujitenga na karatasi. Mwaka 1959 kampuni ya IBM ilitangaza mtambo wa kuchapia ulioitwa 1403, uliokuwa ukichapa mistari 600 kwa dakika, kila mstari ukiwa na nafasi za herufi 132. Na karatasi pana zilizoiandama mitambo ya namna hiyo, zilizoungana moja kwa moja na kutobolewa vitundu pembeni, zilikuwa zimekwisha kuchapwa tangu kiwandani milia ya kijani iliyopokezana na nyeupe, kila mlia ukitosha mistari mitatu ya tarakimu. Hapo rangi ilitangulia hesabu. Mlia wa kijani haukujua kama mstari uliokaa juu yake ni wa mdeni sugu au wa mteja mwaminifu. Kazi yake ilikuwa ni kuliongoza jicho tu, na kazi hiyo iliifanya vyema kabisa. Aliyetaka kusema zaidi ya hayo alichukua kalamu, na tangu mwaka 1963, kampuni ya Carter ya Marekani ilipoanza kuuza kalamu za wino unaopenya nuru, alichukua kalamu ya manjano, akaupaka mstari mzima na tarakimu zikaendelea kusomeka chini ya rangi. Wajerumani wakafuata mwaka 1971 kwa kalamu yao nene iitwayo Stabilo Boss. Manjano ya ofisini tunayoyaona leo katika kila lahajedwali yalitoka katika kalamu hizo.

Lahajedwali yenyewe ilizaliwa maskini wa rangi. VisiCalc, waliyoibuni Dan Bricklin na Bob Frankston na ikauzwa mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II, ilikuwa na mistari 254 na safu wima 63, wala hapakuwa na njia ya kuipaka seli rangi yoyote. Kitu pekee kilichong'aa katika kioo kile kilikuwa ni kishale chenyewe, yaani ile seli ambayo mtu alikuwa amesimama juu yake, iliyogeuzwa weusi kuwa nuru na nuru kuwa weusi. Hata hivyo, ukilitafakari jambo hili utaona ya kuwa huo ndio uliokuwa mwanzo wa yote yaliyofuata: mashine ilikuwa imekubali wajibu wa kumwambia mtu mahali alipo.

Makro zilikuja na Lotus 1-2-3, programu iliyotoka mwezi wa Januari 1983, kazi ya Mitch Kapor na mwandishi wake wa programu, Jonathan Sachs. Namna zilivyokuwa ni jambo la kusimuliwa kwa kituo, kwa kuwa vijana wa leo hawawezi kulikisia. Mtu aliandika ndani ya seli, kama aandikavyo jina au anwani, vibonyezo vile vile ambavyo angevipiga kwa vidole, kimoja baada ya kingine: mkwaju wa kufungulia menyu, herufi ya kila amri, na alama ya wimbi mahali pa kitufe cha Enter. Kisha seli ile akaipa jina lenye mkwaju wa kinyume na herufi moja, na tangu hapo, kila alipobonyeza Alt pamoja na herufi hiyo, mashine ilijipigia yenyewe yote yaliyoandikwa, upesi kuliko karani yeyote. Makro iliyopewa sifuri badala ya herufi haikungoja hata kubonyezwa. Ilijianzisha faili lilipofunguliwa, na athari ya ruhusa hiyo tutaiona baadaye.

Sasa tazama ajabu ya mambo. Kwa kuwa makro zile ziliishi ndani ya karatasi ile ile ya hesabu, watu walizificha mbali, upande wa kulia au chini kabisa, mahali pasipopitiwa na mtu. Naye mwenzake, asiyejua lolote, alipokuja akaufuta mstari mmoja wa hesabu uliokwisha kazi, alifuta mstari huo katika upana wote wa karatasi, pamoja na amri moja ya makro iliyokuwa imelala huko mbali kwa bahati mbaya katika mstari ule ule. Makro ikabaki na pengo, na kosa likajitokeza mwisho wa mwezi. Ama kuhusu rangi, Lotus ya mwanzo ilikuwa na mng'aro wa aina moja wenye maana: seli zilizoondolewa kinga, ambazo mtu aliruhusiwa kuandika ndani yake, zilionekana kwa nuru tofauti na zile zilizofungwa. Mng'aro ule uliambatana na hali halisi ya seli, hata jicho na daftari vikasema neno moja. Masikilizano hayo hayakudumu. Programu ya nyongeza iliyoitwa Allways ilipowapa watumiaji wa Lotus, kuelekea mwisho wa muongo ule, uwezo wa kutia kivuli popote walipopenda, na Excel ya Microsoft, iliyoanzia kwenye Macintosh mwaka 1985 na kuingia katika Windows mwaka 1987, ilipoliendeleza pambo hilo mpaka likawa jambo la kila siku, kivuli na rangi viliachana na hali ya seli, vikawa hiari ya mtu.

Excel 5, iliyotoka mwaka 1993, ndiyo iliyoleta lugha ya kuandikia makro iitwayo Visual Basic for Applications, nayo pamoja na kinasa makro ikafungua mlango ambao haujafungwa hata leo. Karani aliwasha kinasa, akaupaka mstari mmoja manjano kwa kipanya, akazima kinasa, na alipotazama ndani alikuta matendo yake yameandikwa kwa lugha ya mashine, sentensi kwa sentensi, tayari kurudiwa mara elfu. Wengi walioitwa baadaye mabingwa wa kompyuta katika idara zao walianzia hapo, wala hawakupata kuketi mbele ya mwalimu. Rangi zilikuwa 56, kila moja na nambari yake, nyekundu ikiwa ya 3 na manjano ya 6. Nambari hizo mbili waandishi wa makro wa zama zile wanazikumbuka mpaka leo kama watu wakumbukavyo nambari za nyumba walizokulia.

Mwaka 1997 likaongezwa jambo lililowafurahisha wote: karatasi ya Excel iliweza sasa kusikia. Mtu alipohama kutoka seli moja kwenda nyingine, karatasi ilitoa taarifa, na makro ikaweza kuipokea taarifa ile na kutenda. Hapo ndipo ilipozaliwa makro mashuhuri kuliko zote katika maudhui yetu, ile inayoupaka rangi mstari mzima ambao mtu amesimama juu yake na kuuhamisha mpako huo kila anapohama, na umbo lake la asili halizidi amri mbili: ya kwanza huondoa rangi katika karatasi yote, ya pili huupaka manjano mstari wa sasa. Ukiitazama ikifanya kazi utadhani taabu ya jicho, iliyowasumbua makarani tangu zama za Firauni, imekwisha. Kishale kinashuka, na nuru inashuka nacho.

Lakini amri ile ya kwanza ilikuwa na balaa ndani yake. Iliposema rangi iondolewe katika karatasi yote, iliondoa pia manjano aliyoyaweka mkaguzi kwa madeni yenye shaka, na kijani alichokiweka mtunza fedha kwa malipo yaliyothibitishwa, na nyekundu ya mtu aliyekwisha kustaafu ambaye peke yake ndiye aliyejua sababu yake. Kazi ya miezi ikafutika kwa mtu kubonyeza seli moja. Wala hapakuwa na kurudi nyuma, maana Excel ina tabia ambayo wengi huijua baada ya kuumia, kwamba makro ikiisha kubadili kitu chochote katika karatasi, orodha ya matendo yanayoweza kutenduliwa hufutwa, na kitufe cha kutendua kinabaki kimefifia. Tena aliyenakili seli na kusogea pahali pengine ili abandike alikuta nakala yake imetoweka, kwa sababu kule kusogea tu kuliiamsha makro, na makro ikaivunja nakala. Chombo kilichokuja kumsaidia karani asipotee njia kilimnyang'anya uhuru wa kujisahihisha.

Dawa ilikuwepo karibu, na inanishangaza kwamba walioitafuta walikuwa wachache. Toleo lile lile la 1997 lilileta uumbizaji wa masharti, yaani rangi isiyopakwa na mtu wala na makro, bali inayotokana na kanuni ambayo seli huipima kila wakati: tarehe ya kulipa ikipita, mstari unakuwa mwekundu, deni likilipwa, wekundu unaondoka wenyewe. Masharti yaliyoruhusiwa kwa kila seli yalikuwa matatu tu, na kikomo hicho hakikuondolewa hadi toleo la 2007, lakini hata kwa matatu hayo mtu aliweza kuirudisha ile milia ya karatasi za IBM kwa kuiuliza kila seli kama nambari ya mstari wake inagawika kwa mbili. Wajuzi wakaoanisha njia mbili: kanuni ikauliza kama mstari huu ndio uliosimamiwa na kishale, na makro ikaachiwa kazi ndogo ya kuiamrisha karatasi ihesabu upya kila kishale kinapohama. Kwa tadbiri hiyo rangi za watu zilisalimika, kwa kuwa rangi ya masharti hukaa juu ya rangi ya kupakwa bila ya kuifuta. Nadhani hiyo ndiyo njia bora iliyopata kubuniwa na watu wa kawaida, wasio na idhini ya kuigusa programu yenyewe.

Wakati huohuo, ile ruhusa ya makro kujianzisha faili lilipofunguliwa ilikuwa imezaa uovu. Kirusi cha Concept kilienea kwa hati za Word mwaka 1995. Mwaka uliofuata kikafuata Laroux, kirusi cha kwanza kujulikana cha makro za Excel. Na mwezi wa Machi 1999 Melissa akasafiri kwa barua pepe kwa kasi iliyozilazimu kampuni kubwa kufunga mitambo yao ya posta. Tangu hapo makro zote zikatazamwa kwa jicho la shaka, njema na mbaya. Excel ya 2007 ilizitenga faili zenye makro kwa mwishilio wa jina lao, na mwaka 2022 Microsoft ikaanza kuzizuia kabisa makro za faili zitokazo kwenye intaneti. Karani aliyepokea kutoka tawi la mbali karatasi yake ya madeni akakuta mstari haung'ai tena, wala hakuelewa kwamba alikuwa akilipa deni la watu wengine.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi kwa maoni yangu haimo katika virusi. Imo katika ule ugomvi niliouanzia, na mfano wake ulio wazi ulitokea Marekani mwezi wa Septemba 2008, benki ya Lehman Brothers ilipofilisika na Barclays ikataka kununua baadhi ya mali zake. Orodha ya mikataba ilikuwa katika lahajedwali yenye mistari takriban 1,000, na mikataba isiyotakiwa ilikuwa imetiwa herufi ya kukataa, lakini mistari yake haikufutwa, ilifichwa tu. Usiku, saa chache kabla ya kwisha muda wa kuwasilisha hati mahakamani, kijana wa ofisi ya mawakili aliigeuza lahajedwali ile kuwa hati ya kuchapwa, na katika kuipanga upya mistari yote iliyofichwa ikarudi, hali zile herufi za kukataa hazikurudi nayo. Barclays ikajikuta imeandikiwa mikataba 179 ambayo haikuitaka, ikabidi iende kumwomba hakimu. Mistari ile ilikuwa imekatazwa machoni mwa watu; katika hati iliyofika mahakamani ilikuwa mistari sawa na mingine.

Rangi ina udhaifu huo huo. Kanuni za kawaida za Excel haziwezi kuhesabu mistari ya manjano, wala kujumlisha fedha zilizomo, kwa kuwa rangi haimo katika thamani ya seli. Na ingawa tangu 2007 inawezekana kupanga na kuchuja mistari kwa rangi, bado hakuna popote ndani ya faili panapoeleza manjano yana maana gani, nani aliyeyaweka, wala siku gani. Mstari wa wino aliouagiza Pacioli ulikuwa na mtu nyuma yake. Manjano ya makro yana sharti tu nyuma yake, na sharti hilo pengine liliandikwa na mtu aliyekwisha kuhama idara. Kwa hiyo nashikilia ya kuwa kila ofisi inayopaka mistari yake rangi ina wajibu wa kuongeza pembeni safu moja ya maneno, iseme waziwazi kuwa imelipwa, imekaguliwa au ina shaka, pamoja na jina la aliyesema hivyo na tarehe, kisha rangi itokane na neno hilo kwa uumbizaji wa masharti. Makro ya kupaka iachiwe jambo moja tu linaloifaa, nalo ni kumwonyesha mtu mahali alipo.

Na hata hilo sasa limepata mwenyewe. Mwaka 2024 Microsoft iliongeza katika Excel, ndani ya menyu ya mwonekano, kitufe kiitwacho Focus Cell, ambacho huung'arisha mstari na safu ya seli iliyosimamiwa na kuuhamisha mng'aro huo kila kishale kinapohama, bila ya makro na bila ya kuandika rangi yoyote ndani ya seli. Walio na matoleo ya zamani wataendelea na amri zao za 1997, nao nawasihi, kabla ya kuziwasha, wazibadili kwa ile njia ya kuoanisha kanuni na makro, isiyozigusa rangi za watu.